Datsun Imepita Ukaguzi

Katika mabasi yetu ya Takasaki watu hunyamaza, ila abiria mmoja, Nagumo, aliyekumbatia dumu tupu la petroli, alinadi kama muuza samaki: “Datsun yangu imepita ukaguzi! Niliishusha mwenyewe uani hadi tumbo likakaribia lami. Leo nimepunguza mafuta ili iwe nyepesi, iinuke kidogo kufikia kimo cha sheria, ikapita chupuchupu!”

“Imepita, nawe umo kwenye basi?” akauliza bibi aliyeketi kando yake.

“Mafuta yameniishia njiani, bibi.”

“Sasa ushindi gani huo, mwanangu?”

“Ingefeli ukaguzi, mke wangu angeiuza kama chuma chakavu! Ile pale, tazameni!”

Basi zima tukageuka. Datsun ilimeremeta kando ya barabara, stika mpya kiooni.

“Nzuri,” bibi akakiri, “ila haitembei.”

“Kesho nakupitia mlangoni!”

“Njoo na dumu lako.”

Tukasimama penye kituo cha mafuta. Nagumo akashuka, na dereva, mtu asiyempigia honi hata paka, akampigia honi ndefu.