Msumari Kabla Hajawa Msumari

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya saluni, mguu wake mmoja umeegeshwa kwenye tofali. Kahawa nauza mimi. Kinyozi tunamwita Rimoti, kwa sababu runinga ni yake na hakuna ruhusa ya kuigusa. Afande hajawahi kuwa askari hata siku moja. Alilinda geti la ghala miaka ishirini, ila mpaka leo akitembea anapiga mguu chini. Wa nne ni Fundi, mshona nguo wa chumba cha pili, na Jumapili hiyo alasiri alikaa nasi mikono mitupu, futi yake ya kupimia ikiwa shingoni. Kesho yake saa tatu asubuhi mwanawe wa kiume alikuwa anasomewa adhabu mahakamani. Hatia ilishathibitika: ndiye aliyeendesha pikipiki wenzake walipovunja duka la simu na kumvunja mlinzi mkono. Sote tulijua, na hakuna aliyethubutu kuligusa jambo hilo. Tukaongea tamthilia.

Tamthilia yenyewe inamhusu jambazi aitwaye Msumari. Kwanza tulimwona mtu mzima, misimu sita mizima, hadi akapigwa risasi kwenye ngazi. Sasa wameleta nyingine inayomrudisha akiwa na miaka kumi na tisa, anachoma mikate kwenye tanuri la watu, hata jina la Msumari hajapewa. Kwa hiyo ile ya zamani tunaiita ya Mbele, hii mpya tunaiita ya Nyuma, na mgeni akikaa hapa siku ya kwanza huondoka kichwa kikimuuma.

— Jana wameniudhi, alisema Rimoti, akipuliza nywele kwenye mashine yake. Sehemu nzima mtu anakanda unga! Ataua lini?

— Ndo utamu wenyewe huo, alisema Afande. Ila mimi lile jicho lake la kushoto nimeshalisoma. Miaka ishirini getini, bwana! Mwizi namjua kabla hajashuka kwenye gari.

— Ghala lako si liliibiwa mara mbili?

— Mara zote mbili nilikuwa likizo.

Tulicheka. Fundi hakucheka.

— Mimi naona anaweza kuacha, alisema.

— Nani?

— Huyo kijana. Jana wale jamaa walimwita nyuma ya tanuri, akawaambia ngojeni nimalize kazi. Hakwenda. Mliona? Hakwenda.

Rimoti alinitupia jicho, kisha akaweka mashine chini.

— Fundi, ndugu yangu, Msumari tulishamzika. Msimu wa sita. Na wewe mwenyewe ulitoa machozi hapohapo ulipokaa.

— Yule ni wa ya Mbele. Huyu bado yuko hai.

— Si ndo huyohuyo!

— Zimebaki sehemu nne, alisema Fundi. Katika sehemu nne mtu anaweza kuacha.

Hapo ningenyamaza, lakini mdomo wangu haunisikii.

— Akiacha, nikasema, basi ya Mbele yote itakuwa uongo.

— Na iwe uongo, alisema Fundi. Iwe uongo yote. Kuna ubaya gani?

Afande hawezi kimya. Kikizidi kidogo anaanza kujikuna. Akajikohoza.

— Sikilizeni niwape siri. Mbaya pale ni mwenye tanuri. Anaficha risasi ndani ya mikate. Kijana anazikanda bila kujua.

— Na wanaokula?

— Haiuzwi kwa watu. Ule ni mzigo wa majambazi.

— Hebu nenda zako! alisema Rimoti. Mimi nawaambia huyu siye. Huyu ni pacha. Wa ya Mbele alikuwa anashika kikombe kwa mkono wa kushoto, huyu anashika kwa wa kulia. Nimehesabu mara saba.

— Kwa hiyo aliyepigwa risasi kwenye ngazi ni nani? nikamuuliza.

— Pacha.

— Na tuliyemzika?

— Mawe! Hamkuona waliobeba jeneza walivyokuwa wanahema?

— Hata maiti ya mtu mnene itakufanya uheme.

— Basi niwamalize kabisa, alisema Afande, sasa amesimama. Msumari ni polisi. Tangu siku ya kwanza ya tanuri. Wamempandikiza. Mauaji yote sita ni maigizo, ile damu ni nyanya, na hakimu aliyemfunga msimu wa tatu ndiye baba yake mz...

Alijisikia mwenyewe alichosema. Akaketi taratibu, akakiinamia kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimetumbukia ndani. Rimoti aliongeza sauti ya runinga, akaipunguza tena.

Fundi hakumkasirikia. Aliongea bila kumtazama yeyote.

— Mimi nataka kujua ni siku gani.

— Siku gani ya nini, Fundi?

— Aliyoharibika. Nguo ikinipinda huwa nafumua. Narudi nyuma mshono kwa mshono mpaka nafika pale pindo lilipokwenda upande. Huwa pako tu, sijawahi kupakosa. Huyu kijana nimemtazama sehemu nane, sijapaona. Anaamka, anakwenda kazini, anarudi, anasalimia, anakula, analala. Na wangu alikuwa vilevile. Anaamka, anakwenda kazini, anarudi, ananisalimia. Usiku nalala namfumua, narudi mpaka siku aliyoanza shule. Sipaoni.

Nitasema la kwangu, maana limenikaa rohoni. Ile pikipiki tuliiona mwaka jana, mpya, kijana amekaa juu yake na wawili tusiowajua. Tuliijadili siku tatu benchini. Rimoti alisema kijana kashinda bahati nasibu. Afande alisema kaopolewa na mjane tajiri. Mimi nilisema hiyo pikipiki ni ya serikali, kijana kaingia usalama. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma, na muda wote huo tulikuwa tunaisikia cherehani ya baba yake ikilia mlango wa pili. Hatua kumi. Hatukwenda kumwambia, kwa kuwa tulikuwa tunangoja kuona itaishaje. Sijui ni watu gani wanaofanya hivyo, lakini ndio sisi.

Tukiwa tumekaa hivyo akaja binti wa Fundi, mdogo wake yule kijana. Anafanya kazi ya kufua mashuka hospitali, na hakuwa amevua hata sare. Si kawaida yake kusimama kijiweni. Hupita na salamu tu.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba mama.

— Wakili kanipigia. Anasema kesho, kabla ya kusomwa adhabu, hakimu ataruhusu mtu mmoja asimame amwombee kaka apunguziwe. Asiwe ndugu. Awe jirani anayemfahamu. Anataka nimpelekee jina jioni hii, na atakachosema.

Afande alikuwa ameshasimama, kifua mbele.

— Mbona hilo dogo! Sisi si tupo? Yule mtoto kakua mbele ya macho yetu.

Nilimwona Fundi akiinua uso, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikuwa na uhai. Binti alitoa karatasi na kalamu mfukoni.

— Ahsante, mzee. Wakili anasema maneno ya mpole na mtii hakimu kayasikia elfu. Anataka jambo moja jema ambalo kaka alilifanya na wewe ukaliona. Nikuandikie lipi?

— Andika... huwa anasalimia.

— Jambo alilofanya, mzee.

Afande aliitazama kalamu. Akaketi. Binti akamgeukia Rimoti.

— Mjomba, kaka ananyoa kwako tangu mdogo. Nusu saa kila wiki. Huwa mnaongea nini?

— Huwa... Rimoti aliigeukia runinga. Huwa runinga imewashwa, mwanangu.

Akanitazama mimi. Nilijikamua, Mungu shahidi yangu. Nikaiona pikipiki. Nikaviona viatu vyake vipya na wale wenzake wawili. Mabaya yake yote nilikuwa nayo kwa mpangilio, na tarehe zake. Sura yake akiwa anafanya jambo lingine lolote haikunijia. Nilitikisa kichwa, na aibu niliyoiona sijapata kuiona maishani.

— Baba, basi wakumbushe wewe, alisema binti. Wewe huruhusiwi kusema, lakini wakumbushe.

— Lipo, alisema Fundi kwa haraka. Lipo moja. Kuna siku ya mvua, kuna kikongwe alikaa mlangoni, akamvulia koti lake, akampa na mkate, akarudi nyumbani kalowa...

Binti alikuwa ameanza kuandika. Rimoti alimshika Fundi begani, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

— Fundi. Huyo ni Msumari. Sehemu ya pili.

Fundi alimtazama Rimoti, akatutazama sisi mmoja mmoja, kama anayengoja tumkatalie. Kisha akajifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Binti alikata alichoandika.

— Hata dogo tu, wazee wangu. Hata mara moja alimbebea mtu ndoo. Hata kama ni zamani. Nani alimwona?

Tulikuwa wanaume wanne, na hakuna aliyemjibu.