Aliyeanguka Kwenye Paa la Jengo la Dharura

Mgeni rasmi, mganga mkuu wa hospitali, wauguzi, na ndugu wote mliofika,

Sisi mafundi na vibarua tuliojenga jengo hili la dharura tunakukaribisha kwa heshima. Tumeambiwa muda wako ni mfupi, na sehemu ya changamoto tumeombwa tuipunguze. Tutajitahidi.

HISTORIA

Ujenzi ulianza miezi kumi na minne iliyopita. Tulikuwa mafundi na vibarua arobaini. Kofia ngumu zilikuwa sita, nazo zilitoka stoo siku za ukaguzi tu.

MAFANIKIO

Jengo limekamilika kabla ya muda. Kuta zimenyooka, paa halivuji. Paa hilo ni kazi ya fundi mwenzetu, mwanamume wa miaka hamsini tuliyemwita Shangazi, maana hakuacha kumuuliza kila mtu kama amekula.

CHANGAMOTO

Jumanne moja asubuhi ubao wa jukwaa la kuezekea paa ulikatika, Shangazi akaanguka, kichwa kikatangulia. Baada ya muda aliinuka mwenyewe, akajipangusa vumbi.

"Niko sawa," alisema. "Rudini kazini, mnanitazama kama nimeshakufa."

Tulicheka, tukarudi kazini. Kicheko hicho kinatuuma hadi leo. Hakuna aliyewahi kutufundisha kwamba mtu akigonga kichwa, kisha akasimama na kutania, bado yuko hatarini.

Saa moja baadaye alilalamika kichwa kinapasuka, akatapika, akaanza kumwita msimamizi kwa jina la marehemu kaka yake. Tulimlaza juu ya mlango ambao ulikuwa bado haujafungwa bawaba, tukambeba hadi wodi ya zamani, hatua hamsini tu. Muuguzi wa zamu alimmulika machoni, akakuta mboni moja imepanuka kuliko nyingine.

"Damu inavujia ndani ya fuvu," alisema. "Anahitaji kipimo cha kichwa na upasuaji sasa hivi. Hapa hatuna."

Alimwinua kichwa, akamwekea oksijeni ya mtungi pekee wa wodi, akapiga simu. Ambulensi ilifika baada ya saa tatu. Hospitali ya rufaa iko mwendo wa saa nne. Shangazi alikata roho njiani, mkewe amemshika kichwa kwa mikono miwili kisigongwegongwe na mashimo ya barabara.

Mama huyo tulimwalika leo. Alitujibu, "Nije kumpigia nani makofi?"

MAOMBI

Chumba namba nne kimeandikwa mlangoni "Kipimo cha Kichwa". Tuliokijenga ni sisi, tunajua ndani hamna mashine. Hadi jana kilihifadhi viti mlivyokalia. Tunaomba mashine na wa kuiendesha, daktari wa upasuaji, ambulensi yenye mafuta, na kofia kwa kila anayepanda jukwaa.

Mgeni rasmi, tumeona tepe mbili zimefungwa. Kata ule wa mlango mkubwa, nasi tutapiga makofi, kwa kuwa kuta tumezijenga sawasawa. Ule wa chumba namba nne tunakuomba uuache, hadi siku mgonjwa atakapoingia humo na kutoka akiwa hai.

Mungu akulinde wewe na familia yako, na awape nguvu wauguzi wa hospitali hii, wanaobaki na mgonjwa wakati sisi tumeshaondoka.

Ni sisi,
Mafundi na Vibarua wa Jengo la Dharura