Gollo Adano Anavua Glavu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Gollo Adano anastaafu baada ya kutumikia kituo chetu cha sampuli za wanyamapori hapa Isiolo kwa miaka thelathini na mmoja. Wenzangu wamenipa mimi, Karambu, kazi ya kuandika wasifu wake. Nimeuanza na kuufuta mara nyingi, maana hakuna kati yetu anayetaka aondoke.

Alipoajiriwa, mnyama alitambuliwa kwa ngozi, kwato na pembe. Nyama iliyokatwakatwa iliwashinda wote. Kisha ikaja DNA. Unachukua kipande kidogo cha nyama, maabara ya Nairobi inasoma sehemu moja ya vinasaba vyake, kama mashine ya supamaketi inavyosoma ile mistari kwenye pakiti ya unga, na jina la mnyama linatoka. Gollo alikuwa wa kwanza kwetu kufunzwa kuchukua sampuli, na wa kwanza kuharibu. Alishika nyama ya swala mikono mitupu, majibu yakarudi yakisema binadamu. Tulimcheka hadi akazoea. Tangu hapo hajakaribia sampuli bila glavu, na sisi aliotufunza alitufukuza chumbani kwa kosa hilohilo.

Kisa ninachokuja nacho sasa hakichekeshi, lakini nikikiacha nitakuwa sijamwandika Gollo.

Miaka michache iliyopita Dullo, mchuuzi wa Kulamawe, alikamatwa njiani na mkebe wa nyirinyiri, zile nyama zilizokaangwa zikahifadhiwa kwenye mafuta. Ikadaiwa ni twiga, naye akawekwa rumande. Mama yake, aliyezipika, alikuja kituoni akamkuta Gollo ameshika mkebe uleule.

"Salaam aleikum, Gollo. Wewe umekula hii kitu tangu utoto. Onja tu, utajua ni ngamia."

Gollo alimjibu kwa upole, glavu zikiwa mkononi: "Mama, korti haiwezi kubali ulimi yangu. Ngoja majibu."

Sampuli ya kwanza haikusomeka, kwa sababu moto wa kukaangia ulikuwa umeivunja DNA. Gollo akachukua nyingine, kutoka ndani kabisa ya pande nene kuliko yote, akaipeleka Nairobi mwenyewe. Majibu yakasema ngamia. Dullo akaachiliwa, akarudi nyumbani na kukuta mama yake ameshazikwa. Presha ilimchukua akingali anangoja.

Gollo alifunga safari hadi Kulamawe, akasimama kando ya kaburi, akamwambia yule mama kwa Kiborana kwamba ni ngamia. Dullo ndiye aliyetusimulia.

Hakukosea. Alifanya kazi yake sawasawa, na hilo ndilo linalotuuma hadi leo. Baada ya hapo hakukubali majibu yalale kituoni. Yakitoka, aliyapeleka kwa familia yeye mwenyewe, iwe Chechelesi hapa jirani au Kipsing wakati wa mvua. Wapo waliolia mbele yake na wapo waliomtukana, naye aliwasikiliza wote. Ila nyirinyiri hakuionja tena. Harusini sahani ikipita alisema ameshiba, nasi tukajifanya tumeamini.

Mzee Gollo, asante kwa kutufunza kazi, na kwa kutufunza kwamba kila sampuli ina mtu anayeingoja. Kiti chako kitabaki wazi kwa muda. Hatuna haraka ya kukijaza.

Tunakuombea afya njema, mifugo mingi na mapumziko marefu. Lakini usiondoke mapema siku ya Ijumaa. Dullo anakuja, na ameomba akae karibu nawe. Ameleta habari kwamba atabeba mkebe wa nyirinyiri, nyama ya ngamia, aliyoipika mwenyewe jinsi mama yake alivyomfundisha. Hakuna kesi wala maabara inayosubiri.

Vua glavu, Mzee, uonje.