Sumaku ya Gurudumu la Mbele

Kwenye treni, mbele yangu, mama mmoja alimwonyesha fundi baiskeli mita ndogo ya kuhesabu kilomita. "Baiskeli ya marehemu mume wangu nimeitundika ukutani, fundi, lakini kila asubuhi mita inaongeza kilomita sita. Ni safari yake ya kazini."

"Sumaku ya kwenye spoki, ile inayoihesabisha mita kila gurudumu likizunguka, imelegea, mama," fundi alisema, kwa uhakika wa mtu ambaye hajaiona baiskeli yenyewe. "Ibane kwa waya na tone la gundi, itatulia."

"Sumaku niliing'oa siku ya mazishi." Akafungua leso, akamwonyesha. Mimi nikajifanya nasoma tiketi.

"Basi mita itupe!"

"Nikiitupa, nitajuaje kama amefika?"

Treni ikasimama kituoni. Mita kiganjani mwake iliendelea kuhesabu.