Zedekiah Kiema, Mtu Aliyekataa Kungoja Mwisho Akiwa Ameketi

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Mzee Zedekiah Kiema anazima mashine ya chapa kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na miwili katika kiwanda chetu cha River Road. Mmeniomba mimi, Cucu, nyanya yenu wa jikoni, niseme habari zake kwa kuwa chai yake nimepika mimi. Darasani sikuingia, kwa hiyo msitafute maneno ya kupamba. Mimi nasema, Ngina wa kompyuta anapiga chapa.

Kiema alianza kwa kufagia vipande vya karatasi. Baadaye akachanganya wino, kisha akapewa ile mashine kubwa ambayo hakuna aliyeitaka kwa sababu ya kelele. Yeye aliiimbia. Anaimba vibaya, tuseme ukweli, lakini mashine ilitii. Amechapa kadi za harusi za nusu ya Dagoretti. Kuna mwaka aliweka jina la bibi harusi mmoja kwenye kadi za mwingine. Harusi zote mbili zilifanyika, na kila bwana alipata wake.

Wakati wa korona alimzika mkewe. Tukamwambia apumzike nyumbani. Wiki haikuisha, huyo mlangoni. "Nitamwona tena," alisema. "Kwa sasa leteni karatasi." Kazi iliyokuwapo ilikuwa ratiba za mazishi ya watu wengine. Alizichapa zote bila kosa.

Lakini ninalotaka mjue ni la mwaka jana, maji ya mvua yalipofurika hadi mji mzima ukasema mwisho umefika. Maji yalikauka, hofu ikabaki. Millicent wetu wa kujalidi vitabu alikuwa anatibiwa kifua kikuu. Mhubiri mmoja akaleta kazi ya mabango, yakisema kwamba dunia haitaona Krismasi. Millicent akaacha dawa. Akakohoa, akakonda, nasi tukaona tunampoteza.

Baada ya muda kidogo, mhubiri yuleyule akarudi kuagiza kalenda za mwaka ujao, zenye picha yake! Tulicheka tukashika mbavu. Kiema akamwita Millicent aone: "Huyu mwenzako amejiwekea Januari." Millicent hakucheka. "Mzee, mimi simwamini yule. Nimechoka tu. Nilitaka yote yaishe."



Kiema hakumhubiria. "Hata mimi nimechoka," alimwambia. "Bwana atakuja siku yake, hiyo sina shaka. Akija, atukute tumemeza dawa." Akampeleka kliniki, matibabu yakaanza upya. Millicent akaambiwa akae nyumbani kwanza, asituambukize. Basi kila asubuhi Kiema, akitoka kwake Dagoretti, alishukia Kawangware, akasimama nje ya mlango wake na chupa ya uji, akapaza sauti: "Millicent! Fungua dirisha, meza nikuone!" Majirani walimchoka. Kuna siku Millicent alimtukana. "Tukana," akasema, "lakini meza kwanza." Msidhani hakuogopa. Nilikuwa nampa chai nikiona macho mekundu, na najua alikuwa analia njiani. Kesho yake alienda tena.

Mwezi wa tatu mwaka huu Millicent aliambiwa amepona. Jumatatu ndiye atakayeiwasha ile mashine, na amenenepa hadi koti la kazi la Kiema linambana.

Kiema, asante. Wengi huongea juu ya tumaini. Wewe ulilibeba kwenye chupa, likiwa bado moto. Tunakuombea uzee wenye amani, magoti yasiyouma na mahindi mazuri shambani. Shida zitakuja, wewe si mtoto, unajua. Zikija usijifungie ndani. Ukinyamaza sana, Millicent anajua njia ya kwako, nami nitakuwa nyuma yake.