Mazishi Hayakuwa Kwenye Karatasi

Benchi la mkahawa wa Aldo linatazamana na mahakama ya mji wa Thunder Bay, Kanada, na wanaolikalia wanalijua kama watu wanavyojua vitanda vyao. Kushoto ni pa Stempu, yaani Orville Pask, aliyesambaza barua miaka thelathini na moja na kung'atwa na mbwa tisa. Ubavuni pake ni pa Koleo, yaani Reino Hakala, fundi mstaafu wa reli, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Ukingoni kulia hukaa Bi Lorna, karani mstaafu wa mahakama. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wanyamaze, na tangu astaafu yeye mwenyewe hajanyamaza, kwa hiyo wakamwita Kimya. Asubuhi hiyo ya Oktoba upepo ulitoka ziwani na meno yake yote. Wakili Paulette Marchuk, ambaye benchi lilimwita Msumeno kwa jinsi alivyokata mashahidi, alifika na kahawa yake akashangaa: wazee wawili wamekaa kila mmoja ukingoni, na Kimya kawekwa katikati kama gunia la viazi.

Paulette hakuuliza. Alikuwa na lake.

— Alama nne kati ya ishirini, — alisema. — Miaka ishirini na miwili mahakamani, leo napewa nne.

— Nne si haba, — alisema Kimya. — Haba na haba hujaza kibaba. Ufeli mara tano tu, ishirini hiyo.

Ofisi yake ilikuwa imempeleka kwenye mafunzo ya siku tano ya usuluhishi na majadiliano kwa mawakili, katika ukumbi wa nyuma ya maktaba. Walimu walihitaji wagomvi wa kuigiza, wakawakodi Stempu na Koleo. Walicheza ndugu wawili wanaogombania boti ya marehemu baba yao, kila mmoja na karatasi yake ya maelezo. Jana zamu ya msuluhishi ilikuwa ya Paulette. Leo saa nne kamili angerudia, na akifeli tena, cheti hakuna.

— Dakika ishirini na mbili, — alisema. — Boti iuzwe, wagawane nusu kwa nusu, wote wametia sahihi. Mwanzoni mwa wiki kuna mtu alichukua saa tatu na wagomvi wake wakarushiana kalamu, akapewa kumi na sita. Mnieleze.

— Suti, — alisema Stempu bila kugeuza shingo. — Suti nyeusi. Mbwa hamng'ati mtu, dada, anang'ata sare. Nimepita nyumba ile ile na shati la maua, mbwa kanilamba mkono. Kesho yake na sare, nikashonwa nyuzi sita.

— Kwa hiyo nivae maua.

— Mimi nakueleza yaliyonipata.

— Si suti, ni kiti, — alisema Kimya. — Msuluhishi akae chini kuliko wagomvi. Tulikuwa na jaji mmoja, kiti chake kilivunjika mguu, akakaa wiki nzima kidevu mezani. Kesi kumi na moja zilimalizwa nje ya mahakama wiki ile. Watu walimwonea huruma. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.

— Wahenga hawakusema hivyo kwa ajili ya viti, — alisema Paulette.

— Walisema, wewe hukuwepo.

Koleo alikohoa. Alimwinamia Kimya.

— Mwambie huyo mtu wa barua asinipulizie mvuke wa kahawa yake.

— Anasema usimpulizie, — alisema Kimya.

— Mwambie upepo si wangu, — alisema Stempu.

Paulette alitazama kulia, akatazama kushoto. Hawa ni watu waliokunywa kahawa pamoja tangu yeye ni mwanafunzi.

— Mna nini nyinyi?

— Tangu jana, — alisema Kimya kwa furaha ya mtu mwenye habari. — Wametoka ukumbini kwako kila mtu na njia yake. Huyu kapita kwa kinyozi, yule kapita relini. Na usijilaumu, ni ziwa. Upepo ukitoka ziwani hakuna anayepatana na mtu. Nimeandika talaka miaka ishirini na sita mimi, nyingi ni za Novemba. Ziwa linakula ndoa. Ningekuwa mwalimu wenu, wagomvi ningewatoa nje Januari na jozi moja ya glavu, kila mmoja mkono mmoja. Nusu saa nyingi.

— Watapatana?

— Au wataganda. Vyovyote vile, faili linafungwa.

Paulette alicheka, kisha akatoa fomu mfukoni. Usiku uliopita alikuwa ameisoma hadi ikalegea kwenye mikunjo. Chini ya alama, mwalimu Ferris alikuwa ameandika mstari mmoja, naye akawasomea: “Msuluhishi alisikia kila kitu isipokuwa kilichosemwa.”

— Hii ni lugha gani? Nilisikia yote. Bei ya boti, bei ya injini, nani alilipia rangi.

— Akili ni nywele, — alisema Kimya, — na wewe zako umezikata Jumamosi. Si huyu alimwambia yule kitu?

— Kitu gani?

— Mimi nilikuwa nyuma nakula maandazi ya wanafunzi, lakini nilisikia. Stempu alisema, “Na mazishini hukuja.”

Paulette alikumbuka. Katikati ya bei ya injini, mzee alikuwa amelisema hilo kwa sauti ndogo, akitazama meza. Yeye alipekua karatasi za mchezo, hakuona mazishi popote.

— Halikuwa kwenye karatasi, — alisema. — Nikasema turudi kwenye boti.

— Ulisema, — alisema Stempu.

— Aliongeza tu chumvi ya mchezo, — alisema Koleo, na mara hii hakupitia kwa Kimya.

Hapo akaja Nadine, wakili kutoka mji wa Kenora, mwenzake Paulette darasani, ambaye hakuwajua wazee wale nje ya mchezo. Siku zote tatu za mafunzo zilizopita alikuwa akikaa nyuma. Alikuwa na andazi la sukari ya waridi kwenye karatasi, na sukari kidogo kidevuni. Alisimama mbele yao akitafuna.

— Samahani, — alisema, — nimesikia mkitaja yale mazishi ya jana. Yalikuwa ya nani?

Swali lilikuwa jepesi kabisa. Paulette alijua jibu; alikuwa kanisani siku ile, safu ya nne, miaka miwili iliyopita. Na jana alikuwa amesema warudi kwenye boti. Stempu aligeuza kikombe mkononi. Basi lilipita. Jingine likapita.

— Ya Verna, — alisema Koleo mwishowe. — Mke wa Orville.

Maswali matano yalimjia Paulette kwa pamoja, yote mazuri, yote ya kukata. Aliyameza. Nadine alipovuta pumzi aongeze neno, Paulette alimkanyaga mguu polepole, na hakuuondoa.

— Nilikuja, — alisema Koleo. — Nilifika hadi pale nje. Nilivaa suti. Nikakaa kwenye gari, injini inanguruma, hadi nyimbo zikaisha. Nilimzika mke wangu kanisa lile lile, Orville. Miguu ilikataa.

— Ile gari ya kijani, — alisema Stempu.

— Ndiyo.

— Niliiona. Nilisimama pale mlangoni na jeneza nyuma yangu, watu wananipa mkono, mimi naitazama tu. Nasema sasa hivi atafungua mlango.

Koleo aliitazama mikono yake.

— Kwa nini hukusema, miaka miwili yote?

— Ningesemaje? Hukuuliza. Jana nimepewa karatasi ya ugomvi, likatoka lenyewe.

Paulette alisikia saa ya mahakama ikigonga saa nne, na hakuinuka.

— Amelala upande gani kule makaburini? — aliuliza Koleo.

— Upande wa reli. Utapotea peke yako, wameongeza safu.

— Basi twende unionyeshe.

Stempu aliinuka kwanza, goti likalia. Koleo alimshika kiwiko, na Stempu hakukiondoa. Walivuka barabara bila kusubiri taa, dereva mmoja akapiga honi, wala hawakugeuka. Kimya, aliyebaki peke yake katikati ya benchi refu, hakuwa na la kusema, na hilo lilimtisha mwenyewe.

Paulette aliingia darasani amechelewa dakika ishirini na tano. Bwana Ferris alikuwa ameketi na fomu mpya, na viti viwili vya wagomvi vilikuwa vitupu.

— Wako wapi watu wangu? — aliuliza.

— Wamekwenda makaburini. Pamoja.

Ferris alimtazama juu ya miwani.

— Umefanyaje?

— Nimenyamaza, — alisema Paulette. — Na nimemkanyaga Nadine.

Mwalimu alipitisha kalamu juu ya fomu kutoka juu hadi chini, kisha akaigeuza, akatazama nyuma.

— Kunyamaza kupo, — alisema. — Hilo la pili sioni niliandike wapi.