Moshi na Paa la Nyasi

Pikapu ilikuwa haijatoka Nyakahanga bwana misitu alipoanza kutuhubiria sisi abiria, kabla hata ya kuamkia wazee. Kufikia mwisho wa mwezi, alisema, kila nyumba iwe na jiko la udongo lisilojaza moshi ndani. Atakayebaki na mafiga ataitwa barazani. Kuni zinakwisha, serikali imeshaamua. Ungedhani miti yote ya Karagwe aliipanda yeye.

Bibi aliyekaa mbele yake akasema, "Mwanangu, nyumba yangu ni ya nyasi. Moshi ndio unaofukuza mchwa. Moshi ukiondoka, mvua ya kwanza tu, paa linatuangukia."

"Mama, hayo ni mambo ya zamani."

"Hata nyasi ni za zamani, nawe umezaliwa chini yake."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akamnyooshea kidole mwanamke kijana aliyekaa ubavuni mwa bibi, kitambaa cheupe cha hospitali kimefungwa machoni. "Na huyu? Hospitali wamewaambia nini?"

Kicheko kikakatika.

"Ni mkwe wangu," bibi akasema, sauti imeshuka. "Wamesema ni moshi."

"Basi chagua, mama! Paa lako au macho ya mtoto wa watu!"

Tulipofika Chonyonyo dereva akafunga breki. Bibi akatangulia kushuka, akamshika mkwewe mkono, akamwelekeza mguu pa kukanyaga. Kisha akamgeukia bwana misitu.

"Kesho njoo ujenge hilo jiko. Udongo nitaukanda mwenyewe. Lakini mabati uje nayo."